Kioo cha Ndege ya Kipanga

Mama alimtuma Kufuli gundi nyingine dukani jua likizama.

"Wahi kabla hawajafunga," alisema, macho yakiwa kwenye sindano yake. "Leo hiyo ndege iishe. Nimechoka kuitazama haina kichwa."

Kufuli akavaa kandambili akatoka. Alikuwa mtu mzima na ndevu zake, mtunza stoo kwenye ghala la nyama, mwenye rundo la funguo kiunoni kutwa nzima. Ndiyo maana kazini walimpa jina hilo, nalo likamfuata hadi nyumbani. Zamani hata mama alimwita hivyo siku akiwa amemkasirikia. Lakini tangu msiba alikuwa akimwita "mwanangu" tu, kwa sauti laini, na kila alipolisikia neno hilo Kufuli alitamani ardhi ipasuke immeze.

Muuza vifaa alikuwa ameshateremsha shata nusu. Kufuli akainama, akachungulia kwa chini.

"Nauliza kama una gundi ya plastiki."

"Unagandisha nini?"

"Ndege. Ya kuunga. Kimebaki kioo tu, kile kinachomfunika rubani."

Yule muuzaji akaangua kicheko. "Na ndevu zote hizo, bwana mkubwa?"

"Ni ya marehemu mdogo wangu."

Kicheko kikakatika. Muuzaji akapapasa kwenye rafu, akamtolea kichupa kidogo cha supaglu. "Samahani, ndugu yangu. Chukua hii, inashika kweli kweli. Ila ina moshi mkali. Usiifungie mahali pasipo na hewa, umesikia?"

Kufuli akaitikia kwa kichwa. Maneno yale yalimfuata njia nzima.

Ndege yenyewe ilikuwa ya kivita, ya plastiki, ya kuunganisha kipande kwa kipande. Wala haikuwa kidude cha kuweka kiganjani. Ikiisha ingekuwa ndefu kama mkono mzima wa mtu, kuanzia bega hadi kucha. Boksi lake ulilibeba kwa kulikumbatia. Mdogo wake alijibana muda mrefu mpaka akalinunua, akaliweka juu ya kabati kusubiri likizo. Jina lake la utani lilikuwa Kipanga, kwa sababu utotoni alikuwa akikimbia uani ametandaza mikono, akinguruma kwa mdomo mpaka majirani wanakuja kulalamika. Likizo haikumkuta hai.

Wageni wa msiba walipokwisha kuondoka, mama alipanda juu ya kiti, akalishusha boksi, akalifuta vumbi kwa nguo yake, akaliweka mbele ya Kufuli.

"Muungie mwenzio."

"Mama, mimi na mambo haya wapi na wapi?"

"Utajifunza. Nataka mkono wako, si wa mtu mwingine."

Aliyachukulia kuwa maneno ya uchungu tu. Akakubali. Angekataaje?

Basi akaanza, na ilikuwa kichekesho kitupu. Vipande vilikuja vimeshikana kwenye fremu za plastiki, vya kukatwa kwa kiwembe na kulainishwa kwa msasa. Siku ya kwanza alikata ncha ya mkia akidhani ni ya kutupa. Siku iliyofuata alijigandisha vidole viwili, akala chakula cha jioni kwa mkono wa kushoto huku mama akimtazama bila kusema kitu. Kwenye picha za maelekezo palionyeshwa waziwazi kwamba kabla hujafunga mwili wa ndege, utie uzito puani, misumari au vyuma vidogo vidogo. Kufuli aliona hizo ni mbwembwe za watengenezaji. Akafunga. Alipoisimamisha juu ya magurudumu yake, ndege ikakaa kitako kama mbwa, mkia mezani, pua ikitazama dari.

Mama alicheka siku ile. Kicheko cha kwanza tangu msiba.

"Nzito nyuma, nyepesi mbele," alisema. "Baba yenu mtupu."

Kufuli akacheka naye mpaka akashika mbavu. Kisha akaenda chooni, akafungulia bomba, akalia. Hakuwa na haki ya kucheka na mama huyu, na alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Jioni aliyokufa Kipanga, ghalani wenzao wote walikuwa wameshatoka. Kipanga alifanya kazi palepale, ya kubeba na kupanga. Mchana alikuwa amemtania kaka yake mbele ya watu, kwamba funguo zimempanda kichwani, kwamba hata nyumbani anamfungia mama sukari. Watu walicheka. Kufuli alicheka pia, lakini lilimchoma. Jioni, Kipanga akaingia chumba cha barafu mara moja kupanga boksi la mwisho. Hakuvaa koti. Koti lake zito la buluu lilibaki nje, kwenye msumari.

Kufuli akausukuma mlango.

Kidogo tu, ili Kipanga apoe kichwa. Komeo la ndani lilikuwa limekatika, na ni yeye aliyetakiwa kutoa taarifa litengenezwe.

Kipanga akagonga. Ngo, ngo, ngo. Kimya kidogo. Halafu mkwaruzo wa kucha.

Kufuli akatabasamu, akaongeza sauti ya redio. Mpira ulikuwa umekolea. Akajiambia atamfungulia likiingia bao. Bao likaingia, watangazaji wakapagawa, naye akaruka akashangilia peke yake… akasahau. Alisahau kabisa, kama mtu anavyosahau mwavuli. Alipokuja kukumbuka, hakukuwa na mtu anayegonga. Kipanga alikuwa na kifua kibovu tangu utoto. Yeye na baridi hawakupatana hata siku moja.

Aliwaambia watu kwamba alikuwa getini akipokea lori. Kwamba upepo ulivuma. Kwamba mlango ulijifunga wenyewe. Wote walimwamini, wakamshika mkono wakampa pole.

Sasa alirudi na kichupa cha gundi mfukoni. Mama alikuwa ameketi upande wake wa meza, kama kila jioni. Taa ilikuwa bado haijawashwa. Mbele yake, kwenye kiganja, alikuwa amemlaza rubani wa plastiki, mtu mdogo wa urefu wa kidole gumba, mikono yake yote miwili imeshika usukani.

"Nimemvalisha," alisema.

Shingoni mwa rubani palizungushwa uzi wa buluu, mafundo matatu. Kufuli aliutambua. Ulifumuliwa kwenye kola ya koti la Kipanga.

"Ili asisikie baridi," alisema mama.

Kufuli akanyoosha mkono. Akamchukua yule mtu mdogo, akamkalisha kwenye kiti chake, akamgandisha. Akapaka supaglu kwenye ukingo wa kioo. Gundi ikamwagika zaidi ya kiasi. Akakishusha kioo, akakikandamiza mpaka kikashika.

"Tayari," alisema. "Imekwisha, mama."

Mama aliitazama ndege. Aliinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani.

Nje palikuwa panaingia giza. Saa zilezile…

Kwanza ukaja ukungu. Ulianza kwenye ncha ya kioo, kwa ndani, mweupe mwembamba. Moshi wa gundi, Kufuli alijisemea. Si aliambiwa? Akavuta kiti nyuma. Ukungu ukatanda, rubani akapotea ndani yake.

Halafu ukaondoka.

Halafu ukarudi.

Unakuja… unaondoka. Unakuja… unaondoka. Taratibu, kwa mpigo mmoja, na kila uliporudi ulikuwa mzito kidogo. Harufu ikajaa chumbani, harufu ya nyama mbichi na barafu kuukuu. Kijasho chembamba kikamtoka Kufuli mgongoni, ilhali vidole vilikuwa vimeanza kufa ganzi.

Ndege ikasogea.

Pua, ile iliyotazama dari tangu siku ya kwanza, ikaanza kushuka. Ikashuka polepole mpaka gurudumu la mbele likagusa meza. Tik. Ndege ikatulia sawasawa juu ya magurudumu yote matatu, kama imepata uzito wake. Kama kuna mtu amekaa.

"Mama… umeona?"

"Nyamaza."

Ngo. Ngo. Ngo.

Kimya kidogo.

Kisha mkwaruzo.

Kufuli aliruka kiti kikaanguka. "Ndivyo alivyogonga!" alisema kwa sauti iliyopasuka. "Mama, ni hivyohivyo! Mara tatu, halafu kucha!"

Sindano ya mama ilikuwa bado mkononi. Akaichomeka taratibu kwenye nguo yake.

"Alivyogonga nani?"

Kufuli akainama, akakiinua kiti.

"Ulisema ulikuwa getini," alisema mama. Hakupaza sauti. "Ulisema hukusikia kitu."

Kioo kikagonga tena. Mama akakitazama, na uso wake ukakunjamana kwa kilio.

"Kuna mwanamke anauza nyuzi nyuma ya soko," alinong'ona. "Watu humwendea kwa mambo mengine. Nilimuuliza mwanangu alikufaje. Akaniambia, fumua uzi kwenye nguo aliyoiacha, mvalishe mtu mwingine, hata sanamu, umpe unayetaka kumjua amfungie mlango. Kama mkono wake ni safi, hutasikia kitu. Kama ndio uliomfungia, atagonga." Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Nilikupa wewe ili nipumue. Ili nijue ni upepo. Tangu ulipoanza, kila jioni nakaa hapa namwomba Mungu, jamani, asigonge. Asigonge. Asigonge."

"Mama, nilitaka tu…"

"Mfungulie."

Kufuli akakamata kiwembe. Akachokonoa ukingo. Gundi ilikuwa imekuwa jiwe. Kiwembe kikateleza, kikamkata kidole, damu ikapaka bawa. Ngo, ngo, ngo. Akajaribu upande wa pili, akajaribu kwa kucha. Ngo… ngo. Alitokwa na machozi na kamasi kama mtoto. "Nakuja, Kipanga, nakuja, mdogo wangu, subiri…" Kimya. Ngo moja, dhaifu. Halafu mkwaruzo mrefu ukishuka, ukishuka.

Halafu basi.

Alijua kimya kile. Alikwisha kukutana nacho.

Akapiga kioo kwa ngumi. Kikapasuka. Pumzi ya baridi ikamgonga usoni, na pale pale pua ya ndege ikainuka yenyewe, nyepesi, mkia ukarudi mezani.

Rubani alikuwa kwenye kiti chake. Mikono haikuwa tena kwenye usukani. Ilikuwa juu, viganja vimefunguka, na ncha za vidole vyake vya plastiki zilikuwa zimesagika kama zilizopitishwa msasa.

Mama akamng'oa kwa vidole viwili. Akamfunika ndani ya viganja, akampulizia pumzi ya moto, mara ya kwanza, mara ya pili, kama anavyofanyiwa kifaranga. Akafungua viganja, akatazama. Akavifunga tena.

"Umechelewa tena," alisema. "Umechelewa tena, Kufuli."

Kesho yake Kufuli alikwenda kwa muuza vifaa. Huyo hakushangaa hata kidogo. Supaglu hutoa moshi, alisema, na moshi huo hukipaka kioo ukungu, kila mtu anajua. Na ukiimwaga nyingi, joto lake linaweza kukunja plastiki. Mikono ya rubani ingeweza kupinda hivyo. Kuhusu pua ya ndege, pengine meza haikukaa sawa. Kufuli alimshukuru. Alitamani sana kumwamini.

Mama hakumwambia mtu. Hakwenda popote kushitaki, hakumfukuza. Alipika kama kawaida, akapakua kama kawaida, akamwekea sahani mezani. Neno "mwanangu" tu ndilo lililokufa. Rubani alimfunga kwenye pindo la nguo yake, na usiku alilala naye kifuani. Mara mbili Kufuli alianza kusema, mara mbili akajikuta anazungumzia bei ya mkaa.

Jioni moja aliingia chumbani kwake kubadilisha shati. Hakukuwa na upepo. Pazia lilikuwa limetulia tuli. Nyuma yake mlango ukaja taratibu, ukajifunga wenyewe.

Akacheka kidogo, kicheko cha kujipa moyo. Akashika kitasa. Kikabaki mkononi.

Sakafu ilikuwa imeanza kupoa. Akaisikia kwenye nyayo, kisha magotini. Dirisha likatanda ukungu, ukaondoka, ukarudi. Harufu ile…

"Mama!" Akagonga. Ngo, ngo, ngo. "Mama, mlango umejifunga! Nifungulie!"

Akasikia kandambili za mama zikija ukumbini. Zikafika mlangoni. Zikasimama. Alisikia hadi pumzi zake upande wa pili wa ubao, na akajua kwamba naye anasikia zake.

"Mama, tafadhali…"

Kandambili zikageuka, zikarudi polepole jikoni. Redio ilikuwa imewashwa, inatangaza mpira. Habari ya redio hakuwahi kumwambia mtu yeyote, wala mama.

Sauti ikaongezwa.