Nilishinda Kasino, Dada Yangu Robi Akalipia

Zizi lilikuwa tupu!

Ng'ombe ishirini na wawili wa baba... hakuna hata ndama!

Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, hapa kwetu Nyanungu. Nikapiga yowe. Vijana wakatoka na mishale, tukafuata nyayo tukijua ni wezi.

Nyayo zikatufikisha mnadani.

"Wezi gani, Nchagwa?" karani aliniuliza. "Kauza mzee wako mwenyewe. Kibali hiki hapa."

Nikasoma. Waisiko. Jina la baba yangu, na dole gumba lake chini.



Ndugu zangu, wale ng'ombe hawakuwa wa kuuza. Dada yangu Robi alirudi nyumbani kutoka Ringwani, alikoolewa, mkono umevunjwa. Mume wake, Filemoni, alimpiga na mpini wa jembe. Wazee wakakaa, wakaamua: rudisheni mahari, ng'ombe ishirini, binti yenu awe huru. Msiporudisha, anarudi kwa mume.

Siku ya wakwe kuja kuwachukua ng'ombe ilikuwa Jumamosi.

Baba nilimpata saa nane mchana, Tarime mjini. Sikuzunguka kumtafuta, maana nilijua moja kwa moja alipo.

Kasino.

Mzee wa miaka sabini, kofia kichwani, fimbo ameiegemeza kwenye meza ya gurudumu! Mbele yake kimebaki kidude kimoja cha kuchezea kamari.

"Baba! Hela ziko wapi?"

Hakunitazama.

"Subiri, mura, kijana wangu. Hii inarudisha zote."

Haikurudisha.

"Baba, umemuuza Robi!"

Hapo akageuka. Macho mekundu.

"Wewe uliweka laki tano ukatoka na gari. Mimi nimeweka zizi zima. Kwa nini mimi nisipate? Nilitaka nilipe mahari na zizi langu lijae tena."



Na ni kweli, jamani. Miezi minne kabla ya siku ile niliingia mle na hela ya dume langu moja. Nikaweka laki tano kwenye namba moja tu. Gurudumu likazunguka... likasimama pale pale!

Milioni kumi na saba na nusu!

Nikanunua gari, Probox. Nikachinja mbuzi. Kijiji kizima kilikuja kusikiliza, na baba alikaa mbele kabisa. Nilisimulia mpaka jasho likanitoka. Nilisimulia ule mpira mdogo unavyoruka, unavyokuchezea moyo. Sikuwahi kuonekana mwanaume vile maishani.

Ijumaa nikaipeleka Probox kwa Sadick, mfanyabiashara wa pale sokoni Tarime.

"Nipe bei ya haraka, kaka."

"Milioni kumi, taslimu. Ukikataa, sawa."

Nikampa funguo.

Nikampigia baba mkwe wa Robi kule Ringwani.

"Shikamoo mzee. Ng'ombe hawapo. Nina milioni kumi, ndiyo yote tuliyo nayo."

 Nikasikia wanashauriana pembeni.

"Haya. Lete hiyo kumi kesho, yaishe. Hatutaki maneno tena."

Nililia barabarani kama mtoto! Nikampigia Robi.

"Dada, umepona! Wamekubali!"

Akacheka. Tangu arudi nyumbani sikuwa nimesikia kicheko chake.

Ningepanda bodaboda niende nyumbani. Basi, ingeishia hapo.

Lakini nilipita mlango ule wa kasino...

Nikamfikiria baba na zizi lake tupu. Nikajiambia, Nchagwa, wewe una nyota. Kumi ikizaa ishirini, Robi anakuwa huru na mzee anapata ng'ombe wake. Huo ndio ukweli niliojipa. Ukweli mwingine ni kwamba mwili wangu ulikuwa unaitaka ile meza. Mikono ilikuwa inaniwasha!

Nikaingia na milioni mbili tu. Za kujaribu.

Zikaenda.

Nikaweka tatu, kurudisha zile mbili.

Zikaenda! Nikaweka tano zilizobaki, nazo zikaenda.

Nilipotoka nje jua lilikuwa bado utosini. Mfukoni nilikuwa na nauli.

Nyumbani nilimkuta Robi anafua, kwa mkono mmoja. Alinitazama usoni mara moja tu, akaacha kufua.

"Zote?"

"Robi, nisikilize..."

"Zote, Nchagwa?"

"Zote."

Nilitamani anitukane. Hakunitukana.

"Baba ni mzee, alidanganyika na hadithi yako," alisema taratibu. "Wewe nani alikudanganya?"

Jumamosi watu wa Ringwani walikuja. Nilisimama mlangoni na panga, nikiapa haondoki mtu. Robi mwenyewe akanisogeza.

"Ukimkata mtu, watachoma mji wa mama, nyumba zote. Kaa pembeni."

Akaenda nao. Mama alimfuata mpaka barabarani, akarudi peke yake. Mpaka leo haniwekei chakula.

Huu ni mwezi wa sita tangu aondoke. Namba yangu Robi kaifunga. Nasikia ana mimba. Nasikia pia mkono haukuunga vizuri.

Matusi yenu kwenye komenti nayasubiri, nastahili.

Ila wewe kijana uliyeshinda juzi, unayepiga picha na noti kuwaonyesha watu... kuna mtu nyumbani kwako anakusikiliza na kuhesabu alicho nacho. Nyamaza. Na mle ndani usirudi. Mimi ningepoteza zile laki tano siku ya kwanza, leo dada yangu angekuwa hapa anafua nguo zake.