Printa Ilipomgomea Dzifa

Siku waliyokutana, ofisi ya mizigo ya bandari ya Tema, Ghana, ilikuwa imefurika madereva wa malori, kila mmoja akidai karatasi zake, na printa imenuna. Dzifa, ndani ya gauni la kitenge cha kijani lililomkaa sawasawa, alikuwa akibonyeza vitufe kwa hasira. Kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri akapenya katikati ya watu.

"Pole, dada. Mimi Ekow, fundi wa kompyuta kutoka makao makuu, Accra."

"Pole haichapishi, kaka. Niokoe kabla hawa hawajanila mbichi."

Ekow akacheka, na Dzifa akasahau kwa muda kwamba ana hasira. Kompyuta yake ilikuwa dirisha tu. Kazi yenyewe ilifanyika ndani ya seva, kompyuta kuu iliyokuwa Accra, na seva ndiyo iliyotakiwa kurudisha karatasi kwenye printa ya Tema. Ekow alimtoa ndani ya seva, akamwingiza upya, karatasi zikamiminika. Akamwachia namba ya simu.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, printa ikagoma tena.

"Ekow, imekufa."

"Na mimi je, umeniuliza hali?"

"Wewe ukifa nitalia. Hii nataka kuipiga teke!"

Ikawa ndiyo desturi. Printa inagoma mchana, simu inapigwa, Ekow anaitengeneza akiwa hukohuko Accra, na maongezi yanaendelea hata karatasi zikishatoka. Jumapili wakawa wanakula pamoja kenkey, madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, na samaki wa kukaanga. Dzifa alipenda, tena alipenda kweli.

Lakini Anti Korkor wa meza ya pili hakupenda alichokiona.

"Wewe mtoto, hujiulizi? Asubuhi inachapa, mchana inakufa, akiigusa yeye inafufuka. Mganga huyohuyo ndiye mchawi. Anakuchezea."

Maneno yale yalimkaa Dzifa rohoni. Ekow alipopiga jioni, hakumsalimu.

"Unaiharibu makusudi ili nikupigie? Madereva wananitukana kila siku kwa michezo yako!"

"Kama ndivyo unavyonijua, basi, Dzifa." Simu ikakatwa.

Printa ilipogoma tena, Dzifa akapiga makao makuu, na aliyepokea simu ni mkubwa wake Ekow, Mzee Tetteh, mtu asiyetaka mzaha.

"Ukienda kula, unatokaje kwenye seva?"

"Nafunga dirisha tu, mzee. Kenkey inaisha mapema, sote hapa tunakimbilia foleni."

"Basi wewe umeondoka, kazi yako imebaki ndani imelala. Ukirudi, seva inang'ang'ania njia ya printa ya asubuhi, ambayo ilikatika ulipofunga dirisha. Uwe unatoka kabisa, kama mtu anayeaga."

Dzifa akaanza kuaga. Printa haikugoma tena, na moyo ukamuuma. Kumbe mharibifu ni yeye! Akashindwa kuvumilia, akapiga simu mbele ya madereva wote.

"Ekow, nisamehe. Ni mimi niliyekuwa naiharibu."

"Najua."

"Umejua lini?"

Ekow akashusha pumzi. "Mwanzoni nilikuwa gizani kama wewe, naapa. Ila wiki ile ya mwisho kabla hatujagombana nilishajua. Nikanyamaza. Niliogopa printa ikipona, hutanipigia."

Dzifa hakujua acheke au alie. Alipiga simu kuomba radhi, na sasa anayepaswa kuombwa ni yeye.

"Kwa hiyo nilikushutumu kwa haki!"

"Nusu. Ndiyo maana nilikata simu. Ungeuliza mara ya pili, ningekiri."

"Mtu mzima hovyo!"

"Kipenzi, wajomba zangu waje Jumamosi kubisha hodi kwa baba yako, kuleta posa?"

Hasira na furaha vilimjia Dzifa pamoja.

"Dada, mkubalie basi," dereva mmoja akadakia, "tupate karatasi zetu!"

"Jumamosi hapana," Dzifa akasema kwenye simu. "Jumamosi utakuja wewe, peke yako, uwaombe radhi madereva hawa mmoja mmoja, mimi nikiwa nimesimama hapa nakutazama. Wajomba waje Jumapili."