Sauti Iliyobaki Baada ya Kusafishwa

Faili lilipotoka likiwa refu kuliko lilivyoingia, Fundi Friji alilaumu programu. Rahisi ghali, alijisemea, sembuse ya bure.

Mkewe, Mwalimu, alikuwa akijirekodi chumbani akiwasomea vitabu wanafunzi wake wasioona. Kazi ya fundi ilikuwa kuyageuza yale mafaili mazito ya WAV yawe MP3, yaenee kwenye visimu vyao. Yeye alikuwa mtu wa gesi na kompresa, tumbo likimtangulia kama kiongozi wa msafara, lakini programu ile aliimudu: inafuta kelele za feni na kuku wa jirani, kisha inabana kinachobaki.

Akavaa hedifoni. Mkewe anasoma habari za mvua, anafika kwenye nukta, anavuta pumzi. Na hapo kwenye pumzi, mwanamume mwenye sauti nzito: "Umechoka, mboni yangu. Pumzika."

Mboni yangu! Akarudi kwenye faili la mwanzo. Feni tu.

"Mama watoto," aliuliza jikoni, akijifanya anatafuta chumvi, "ukisoma huwa uko na nani?"

"Na feni yako mbovu. Kwani vipi?"

"Nauliza tu."

"Wivu, baba watoto? Na mvi zote hizo!"

Kesho yake, mkewe akijirekodi, alijipachika kwenye kiti mle chumbani, macho kodo, kama mlinzi wa duka lililokwisha bidhaa. Hakuona mtu. Ilipita harufu tu, ya waridi lililoloa, na nyuma yake kitu kama nywele zinazoungua.

Mkewe alipotoka, alichukua rekodi ile akafuta feni, akafuta kuku, akasikiliza, na kadiri kelele za dunia zilivyoondoka ndivyo kilichokuwa chini yake kilivyosogea, kwanza pumzi, kisha nguo ndefu ikiburuzwa sakafuni kuzunguka kiti chake mwenyewe, kisha ile sauti, safari hii ndani kabisa ya sikio lake la kushoto, kwa upole wa mtu anayembembeleza mtoto: "Umekuja kunilinda mimi, fundi? Ungemtazama yeye hivyo, ningepata wapi nafasi?"

Alipotazama, waya wa hedifoni haukuwa umechomekwa popote.

Mganga aliyemwendea alikuwa mama mmoja mnene, aliyemsikiliza huku akichambua mchele.

"Jini mahaba huyo. Hirizi ninazo, ila nitakudanganya bure mwanangu. Wewe mkeo huwa unamwambia nini?"

Fundi alifikiri sana. "Huwa namwambia... umeme umekatika."

"Ehee! Basi mwenzio kapanga chumba ulichokihama. Rudi ukamwambie maneno ya huyo jini kwa kinywa chako. Mke akiyapokea kuwa ni yako, na si ya mwingine, jini hana pa kulala. Usipofanya hivyo, ipo siku atamwita, na mkeo atamfuata. Ila usidai kuwa ni yako yale ambayo jini amekwisha kumwambia; hapo utakuwa umemkaribisha mwenyewe."

Alimkuta mkewe akikunja nguo kitandani. Jasho lilimtoka kuliko siku ya posa.

"Mboni yangu," alisema, sauti ikikwama kama kompresa isiyo na oili. "Umechoka. Pumzika."

Pazia likatikisika bila upepo. Harufu ya waridi ikafumka chumba kizima, kisha ikaanza kurudi nyuma, shingo upande, kuelekea dirishani.

Mwalimu alinyanyua macho yaliyojaa machozi. "Leo umethubutu kusema mchana," alisema, akimshika mkono. "Nilidhani utaendelea kuninong'oneza gizani tu, ukidhani nimelala. Tangu usiku wa harusi yetu nasikia, mume wangu. Maneno hayo ndiyo yaliyoniweka kwako."

Fundi, ambaye hulala kabla mto haujapata joto, alifungua kinywa. Neno moja la kweli lingetosha. Lakini mkono wa mkewe ulikuwa umeshika wake kama ambavyo haujawahi kuushika, na uso ule, uliong'aa kwa ajili ya mwingine, ulikuwa unamtazama yeye.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi."

Harufu ilisimama dirishani. Ikageuka, ikarudi ndani taratibu, na godoro likabonyea, upande anaolala fundi.