Kilo Zilizohamia kwa Mdogo Wangu

Watu wakisimulia mambo kama haya huanza kwa kusema walikuwa wanapita tu. Mimi sikuwa napita. Jioni ile nilitoka gereji kwenda kutafuta boneti nyepesi, na kilichonituma ni wivu. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: nimshinde mdogo wangu.

Tunaendesha magari ya mashindano, mimi na yeye. Magari yetu ni kama mapacha: mwaka mmoja, injini moja. Nguvu zikishalingana, kinachoamua ni uzito. Kwa hiyo kila Jumamosi tulikuwa tunayapima hapo gereji, mizani nne ndogo, moja chini ya kila tairi. Mmoja wetu anakaa ndani na helmeti kichwani, maana dereva naye ni mzigo. Mwingine anasoma namba na kuziandika ukutani kwa chaki. Tulishatoa kiti cha abiria, redio, mazulia, hata sponji ya paa. Tukafunga rimu nyepesi, na betri ndogo unayoweza kuibeba kwa mkono mmoja. Bado gari lake lilikuwa jepesi kuliko langu kwa kilo ishirini na moja.

"Kaka," akaniambia Jumamosi ile, mafundi wote wanasikia, "kuna kipuri cha bure hujakitoa. Hilo tumbo!"

Gereji nzima ikaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Moyoni nilikuwa nawaka moto.

Mimi ndiye niliyemfundisha kushika spana. Leo ana vikombe sita, na Mama amevipanga sebuleni juu ya kabati, anavifuta vumbi kila asubuhi. Changu kimoja, cha nafasi ya tatu, anawekea kalamu. Utasema ni mambo ya kitoto. Haya, njoo wewe ukae kwenye ile sebule miaka minane, halafu tuongee.

Mtaa wa vipuri ulikuwa unafunga. Milango ya bati inashushwa, watu wananawa grisi. Kila nilipouliza boneti ya kaboni naambiwa hakuna, njoo wiki ijayo. Mwisho kabisa wa mtaa, baada ya wauza matairi, nikaona mlango uko wazi. Miaka yote nimepita pale, sijawahi kuuona.

Nikaingia.

Harufu ikanipokea... kama nywele zinazoungua. Kelele za mtaa zikakatika palepale mlangoni, mtu angedhani nimezibwa masikio.

Mwenye duka alikuwa mwanamume wa makamo, amevaa koti la bluu safi mno kwa kazi ile. Alikuwa amekumbatia injini nzima kifuani. Peke yake. Akailaza mezani taratibu, na meza haikutoa hata mlio.

"Karibu, kaka mkubwa," akanong'ona.

"Nani kakwambia mimi ni mkubwa?"

Akaingiza mkono nyuma ya pazia, akatoa boneti nyeusi, akanikabidhi. Nilikuwa nimejikaza kupokea mzigo, mikono ikapaa juu bure. Gazeti lina uzito kuliko kitu kile.

"Bei gani?"

"Sitaki hela. Ila ujue, uzito hauishi, unahama tu. Kilo zitakazotoka kwako lazima zimfikie mtu." Akanisogelea. Hakuwa anapumua, au mimi sikumsikia. "Ziende kwa nani?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kuondoka. Nakuapia, miguu iliniambia ondoka. Lakini kile kicheko cha gereji kilikuwa bado kinanikereketa masikioni.

"Ziende kwa mdogo wangu," nikasema. Nilisema kwa kutabasamu, kama mtu anayetania.

Yeye hakutabasamu.

Jumamosi iliyofuata tukapima. Langu lilikuwa limepungua kilo arobaini. Boneti yangu ya zamani yenyewe haikufika kilo ishirini, kwa hiyo hesabu haikuwa na maana yoyote. Lake likaongezeka arobaini.

"Mizani imeharibika," mdogo wangu akasema.

Tukabadilisha mizani. Namba zikawa zilezile. Akang'oa vioo vya milango, akaweka plastiki. Akatoboa matundu kwenye vyuma. Akaacha kula usiku, akabaki ngozi na mifupa. Jumamosi nyingine, kilo kumi juu. Nyingine, kumi na tano. Nikawa naandika namba zake ukutani kwa herufi kubwa, na roho yangu baridiii.

Nyumbani mke wangu akaniuliza, "Mbona siku hizi sisikii ukipanda kitandani? Godoro halibonyei."

"Nimepungua," nikamjibu.

"Tumbo si hilo hapo?"

Nikageukia ukutani, nikajifanya nimelala.

Siku ya mashindano nilimwacha mbali. Kwa mara ya kwanza nikamwona kwenye kioo, mdogo, nyuma yangu. Nilipiga kelele za furaha peke yangu ndani ya gari. Kisha, kwenye kona ya mwisho, akaja.

Hakufunga breki. Alinipita kama mshale, injini inalia, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa matairi.

Nilifika wa kwanza kwenye gari lake. Alikuwa na fahamu. Damu kidogo tu puani.

"Kaka... mguu," akanong'ona. "Nimeuvuta utoke kwenye pedali ya mafuta. Haunyanyuki. Kama si wangu."

Wanaume wanne wakashika wamtoe. Hakusogea. Walimtoa wanane, wanahema, na turubai la machela likachanika katikati. Mtu aliyekonda vile! Watu wakatazamana. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Jioni ileile niliing'oa boneti, nikaipeleka. Nilitegemea nisilikute duka. Lipo. Mlango wazi, harufu ileile.

"Chukua kitu chako," nikamwambia. "Zirudishe kwangu."

"Boneti ni boneti tu, kaka mkubwa. Haihusiki." Alinong'ona kwa upole, hata nikaona haya. "Siku utakayomtazama mdogo wako na usisikie uchungu wowote, zitarudi zenyewe."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Ndipo akacheka. Nyuma ya pazia kitu kizito kikajisogeza... kikashusha pumzi. Sikusubiri kuona ni nini. Mpaka leo sijui yule ni nani, wala nyuma ya lile pazia kuna nini, au kuna akina nani.

Nikajiambia kazi ni rahisi. Ni mdogo wangu, damu yangu. Nani asiyempenda mdogo wake?

Sasa amelala sebuleni kwa Mama, kwenye kitanda cha chuma kilichoinuliwa kwa matofali. Madaktari wamempiga picha kila mahali, hawaoni kitu. Kila jioni nakwenda, nakaa karibu naye, najizoeza kumtazama. Navitazama na vikombe. Navuta pumzi, nairudisha polepole.

Na jana ilianza kukubali! Springi za kitanda, zinazolia chini yake usiku na mchana, zilinyamaza. Mdogo wangu akainua mkono wake mwenyewe, mara ya kwanza tangu ajali, akanishika kiganja. Nami nikahisi nyayo zangu zikikaa sawasawa sakafuni. Machozi yakanilenga.

"Kaka," akasema, "lichukue gari langu. Injini yake ni nzima. Msimu ujao ukashinde nalo. Dereva ni wewe bwana, mimi nilikuwa nakuiga tu."

Mama alikuwa anampangusa jasho. Akaacha, akanigeukia, macho yamejaa machozi.

"Unamwona mwenzako? Na hali yote hii. Moyo kama huu nimezaa mmoja tu."

Mmoja tu.

Nilitabasamu. Mungu ni shahidi, nilijitahidi. Nilimeza mate, nikauma ulimi, nikahesabu maua ya pazia la dirishani.

Mkono wake ukaporomoka.

Chini ya godoro chuma kikaanza kulia... taratibu... kisha tofali moja likapasuka, paa! Mama akaruka, akainama kuangalia mvunguni. Mdogo wangu hakuangalia mvunguni. Alikuwa ananitazama mimi, usoni, bila kupepesa, na nikaona kwamba amejua.

"Kaka," akanong'ona, kifua kinamlemea, "nakuomba... acha."