Aliyemsindikiza Orpha

Dagaa walikauka kabla jua halijapanda. Orpha aliwatandaza kwenye chanja zake pale Kashikishi, wilayani Nchelenge, ufukweni mwa Ziwa Mweru, wakiwa bado wanateleza vidoleni. Akaingia ndani kuchemsha chai, na alipotoka na kikombe mkononi akawakuta wakavu kabisa, wanavunjika kwa kuguswa tu. Ulikuwa msimu wa mvua, wakati ambapo wanawake wote wa Nchelenge hulia kwamba samaki wanaoza chanjani. Aliinua macho. Mawingu yalikuwa meusi tii.

Majirani walicheka, wakasema kumbe mkutano umemfaa. Orpha alikuwa ametoka safarini juzijuzi. Chama cha wanawake wakausha samaki kilimchagua yeye, mkimbizi aliyevuka ziwa kutoka Pweto, upande wa Kongo, na beseni moja kichwani, akawawakilishe kwenye mkutano wa ukaushaji wa vyakula katika mji mkubwa wa jangwani, ng'ambo ya bahari. Huko walikaa vitini wakisikiliza watu wenye kompyuta wakieleza jua linavyofanya kazi. Orpha, aliyekula kwa jua hilohilo miaka yote, alisinzia bila aibu. Kisha, siku ya mwisho, wajumbe wakapandishwa basi kwenda kutembezwa.

Mji ule haukuwa na mwisho. Majengo ya vioo yalipita, barabara zikapandana juu kwa juu, wakaonyeshwa soko la dhahabu, wakaonyeshwa maduka yenye baridi hadi Orpha akajifunga kitenge mabegani. Mwisho wakashushwa kwenye mtaa wa zamani, nyumba za udongo zilizoachwa wazi ili wageni wapige picha. Wenzake waliingia na kutoka wanavyotaka. Orpha hakulelewa hivyo. Nyumba ni nyumba, hata kama haina mtu. Alisimama kwenye mlango mmoja pembeni, akapiga makofi taratibu, akabisha hodi.

"Karibu, mama," sauti ya kike ikajibu kutoka ndani. "Ingia, ikala."

Kilikuwa Kiswahili cha Pweto kabisa, hata hilo ikala la kumwambia mtu akae. Mtu mwingine angetimua mbio. Orpha alifurahi, maskini, alifurahi mno kumpata mtu wa kwao katika mchanga ule, akaingia. Mkeka ulikuwa umetandikwa na kikombe cha maji kimewekwa, lakini mtu hakuonekana. Akakaa, akanywa, akangoja mwenyeji atoke chumba cha pili. Mara honi ya basi ikalia na Orpha akachomoka bila kuaga. Njia nzima alisikia viatu vikikwaruza mchanga nyuma yake, akadhani ni mjumbe mwenzake aliyechelewa.

Sasa, nyumbani, kicheko cha majirani hakikudumu. Maji ya ndoo yalipungua bila kuchotwa. Sabuni ilipasuka. Nyumba ikaanza kunuka udongo uliochomwa na jua, harufu ambayo watu wa kando ya ziwa hawana habari nayo. Majini ya kwenye hadithi hungoja giza. Huyu hakuwa na tabia hiyo. Alitembea mchana kweupe, kr, kr, viatu vyenye mchanga juu ya sakafu ya saruji, kila alipokwenda Orpha, hatua chache nyuma yake, akisimama Orpha anaposimama.

Halafu matiti ya Colette yakakauka.

Colette ni binti yake, na alikuwa na mtoto mchanga, Dédé, mjukuu wa kwanza wa Orpha. Mtoto alivuta titi mpaka akachoka, akalia mpaka sauti ikaisha, midomo ikaanza kupasuka. Maziwa ya kopo yaliganda kikombeni kabla kijiko hakijazunguka. Zahanati waliambiwa mama anywe maji mengi. Alikunywa, na maji yale hayakujulikana yalikokwenda. Orpha alimpakata mjukuu wake akahisi wepesi wake, na kwa mara ya kwanza aliogopa kikwelikweli: mtoto huyu anakufa, na anakufa kwa sababu yangu.

Pasta Méschac alikuja na mkewe, wakafunga mlango, wakaomba kwa nguvu pamoja na Orpha na Colette. Kila walipoitikia Amina, pasta alifumbua macho. Mwishowe akaacha kuomba, akamsogelea Orpha.

"Mama Orpha," alinong'ona, "mu hii chumba tuko batu ngapi wanaoitika?"

"Tuko bane, pasta."

"Miye nasikia batano."

Hawakuomba tena siku ile. Pasta alichukua Biblia yake na mkono wa mkewe, akasema atarudi, na uso wake ulionyesha kwamba hatarudi.

Aliyeelewa ni Bana Nkonde, yaani Mama Nkonde, mwanamke wa Kibemba, mchuuzi wa samaki wa kisiwani Chisenga, aliyekuja kununua dagaa na kukuta nyumba ina msiba usio na maiti. Orpha alimsimulia yote, akilia. Bana Nkonde hakuuliza alikunywa nini wala aligusa nini. Aliuliza alitokaje mle ndani. Orpha akasema alitoka tu, basi lilikuwa linamwacha.

Bana Nkonde akafunika mdomo. Pande zote mbili za Mweru, mgeni hatoki hivihivi. Mwenyeji huinuka akamsindikiza, na mgeni ndiye anayesimama njiani na kusema asante, inatosha, rudi. Asiposema, mwenyeji mwenye adabu huendelea kutembea.

"Bana Colette, hukumwambia arudi," alisema polepole, kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Sasa yeye iko nasindikiza tu. Awe, hapana, huyu hana roho mubaya. Iko na heshima. Lakini kwao ni mchanga, na anakuja na kwao."

Akamwagiza afanye leo kile alichokisahau kule: ashike njia aliyorudia kutoka safarini, aende naye mbali na nyumba, amshukuru, amwambie inatosha.

Orpha aliondoka saa ya adhuhuri akashika barabara ya lami iendayo Mwansabombwe. Hakugeuka nyuma, kwa sababu hakuwa na haja ya kugeuka, alisikia kr, kr juu ya lami iliyolowa mvua, na kadiri nyumba zilivyopungua ndivyo hatua zile zilivyosogea, mpaka akahisi joto kavu shingoni, mpaka jasho likakauka kabla halijamtoka na ulimi ukagandamana na kaakaa, mpaka akajua kwamba akinyoosha mkono nyuma atagusa nguo ya mtu, na hapo, baada ya nyumba ya mwisho, akasimama na kusema maneno aliyofundishwa.

"Aksanti sana. Inatosha sasa. Rudia hapa."

Ikajibu sauti ileile, tamu, karibu na sikio lake.

"Enda weye kwanza, mama. Mwenye nyumba hageuki mbele ya mugeni wake. Nitakuangalia mpaka ufike."

Orpha akapiga hatua kuelekea nyumbani, na hatua zikamfuata. Akageuka upande wa pili, zikamfuata. Alirudia maneno yale mpaka koo likakwaruza, na kila mara alijibiwa kwa upole uleule. Angefikaje mtu ambaye kila anapofika anasindikizwa tena?

Simu ikalia. Alikuwa Colette, akicheka na kulia pamoja. Maziwa yamerudi, yamelowesha hata kitenge, Dédé ananyonya hataki kuachia. Yule kintu aliyekufuata ameondoka, mama, rudi nyumbani.

Orpha aliitazama barabara ya nyumbani, joto kavu likiwa bado shingoni mwake. Akamwambia binti yake kwamba kweli, ameondoka, Mungu ni mwema, ila yeye amepata kazi kwa Bana Nkonde huko Chisenga na atakaa kidogo.

Akakaa. Bana Nkonde alimpa chumba mwisho wa kambi ya wavuvi, mbali na watoto. Maji yalimzunguka pande zote na ndani ya chumba nguo zilikauka kabla hajazikamua. Alikausha samaki kuliko mtu yeyote kisiwani, akala peke yake, akalala akisikia mtu amesimama mlangoni kwa adabu. Dédé anaota meno, Colette alisema kwenye simu. Dédé anakaa. Unatukimbia nini, mama? Orpha alijibu kwamba kazi ni nyingi, kisha akakata simu na kulia bila machozi, maana hata machozi hayakumtoka.

Siku moja Colette akatokea bila taarifa, mtoto mgongoni. Orpha alimpakata Dédé, mzito, mnono, akamnusa shingo, na palepale akaiona midomo yake ikianza kunyauka. Akamrudisha mikononi mwa mama yake. Nendeni, alisema, nendeni sasa hivi, mashua isiwaache.

Colette alimtazama kwa uchungu. "Hata kutusindikiza, mama?"

Orpha hakuthubutu. Yeye akitembea, yule naye anatembea. Alifunga mlango akauegemea kwa mgongo, ili wote wawili wabaki ndani, na akasikiliza hatua za binti yake zikipotea kuelekea ziwani.

Simu ikalia baadaye, na mlio wa injini ya mashua nyuma yake.

"Mama, unisamehe, nilikukasirikia bure," Colette alisema. "Kumbe ulituma mutu atusindikize. Uyu mama, heshima yake! Alimubeba Dédé tangu ku mulango wako. Namwambia inatosha, arudi, anasema hapana, atatufikisha mpaka nyumbani."

Orpha aliinua macho. Juu ya kichwa chake, kwenye kamba, kitenge alichokifua baada ya wao kuondoka kilikuwa bado kimelowa chapachapa, na maji yalikuwa yakidondoka sakafuni.