Jina Lililotafutwa na Kompaila

Kompyuta ilinukia hina. Kudra aliisikia harufu hiyo siku ileile mumewe alipoileta dukani, harufu ya hina mbichi iliyokorogwa na ndimu, kama anayopakwa bibi harusi. Akainama nyuma ya mashine, pale feni inapotolea hewa, akaweka kiganja. Hewa ilikuwa baridi. Kompyuta zote alizowahi kufanyia kazi zilitoa hewa ya moto.

"Baba Yasmina," akamwita mumewe, "hii mashini umeitosha wapi?"

"Kiriri," Anouar alijibu. "Kuna nyumba walikuwa wanauzisha vitu. Madame mumoja alikuwa anahama."

"Madame gani?"

"Jina siko najua. Muzamu wa getini ndiye aliniuzishia."

Alijibu huku akivuta nyaya, bila kugeuka. Lilikuwa jibu la kawaida la mtu aliye kazini, lakini Kudra alitamani angegeuka.

Duka lao lilikuwa mtaani Buyenzi, mbali na majumba makubwa ya Kiriri, limebanwa kati ya gereji mbili, na kutwa nzima nyundo za mafundi zililia pande zote. Kudra alichapa barua na maombi ya watu, Anouar akachapisha kadi za harusi na vitabu vya madrasa. Walikuwa wamepata imprimante kubwa, mashine ya kuchapishia, kuukuu lakini nzima, na kompyuta ile ya Kiriri ndiyo ingeiendesha. Kwa kuwa nayo ilikuwa ya zamani na nguvu zake ndogo, waliwekewa mfumo mwepesi wa kuiendeshea, Linux, na Régis, rafiki wa Anouar tangu shuleni, aliyesomea mambo ya kompyuta.

Kilichobaki ni imprimante kukataa kuitikia.

"Programu yake haiko tayari kwa hii Linux, shemeji," Régis alimweleza Kudra, ameketi mbele ya kioo cha kompyuta. "Iko maandishi tu, vile wenye kuitunga waliiandika. Lazima niweke kwanza kompaila. Hiyo ndiyo inasoma maandishi, inayageuza programu."

Alikuwa amevibeba vyote kwenye flashi. Akaweka kompaila, akaijaribu kwa programu ndogo aliyoiandika palepale, ikafanya kazi vizuri. Kisha akafungua maandishi ya imprimante, akaandika amri fupi, na mistari ikaanza kupanda kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine. Anouar aliinama begani kwa rafiki yake. Kudra alisimama nyuma yao, na harufu ya hina ikamjia tena.

Mistari ikasimama.

"Inaomba faili," Régis akasema. "Inaitwa nella.h. Inasema haiioni."

"Si uitafute basi," Anouar akasema.

Régis akaiamuru mashine ipekue neno hilo katika maandishi yote ya programu. Halikuwemo. Akapekua tena, mara hii katika Linux nzima. Halikuwemo. Akakuna shingo.

"Hakuna penye wameandika nella," akasema polepole. "Sasa sijue nani anaiomba."

Kesho yake alifuta kila kitu, akaweka Linux upya, kompaila mpya, maandishi mapya kutoka flashi nyingine. Mistari ikapanda, ikasimama palepale, ikaomba kitu kilekile.

Kudra hakuwa akiangalia kioo. Alikuwa akimwangalia mumewe. Nella ni jina la mwanamke, na mwanamke fulani aliyekuwa akihama Kiriri ndiye mwenye kompyuta aliyoinunua Anouar, na Anouar alisema hamjui jina. Aliona mumewe amekunja uso, akajiuliza kama huo ni uso wa mtu asiyeelewa au wa mtu aliyefumwa.

Hakuuliza. Tangu siku hiyo alianza kuhesabu maneno yake, kunusa mashati yake kabla ya kuyafua, kusikiliza anavyoitika simu. Na Anouar naye alibadilika. Alikuwa mtu wa mizaha. Sasa alikuwa akiingia dukani ghafla, bila salamu, macho yakizunguka. Alianza kumuuliza mambo madogo. Régis alikuja? Alikaa sana? Mlikuwa munasema nini? Kisha Régis akaacha kuja kabisa, na Kudra alipouliza sababu, mumewe akasema, "Yuko na kazi zake," akamkazia macho mpaka Kudra ndiye akayaondoa ya kwake.

Ijumaa moja wanaume wote wa mtaa walikuwa msikitini, nyundo za gereji zimenyamaza, na Kudra alikuwa peke yake dukani, amegeukia kabati akipanga karatasi. Nyuma yake vibonye vya kompyuta vikaanza kulia. Vililia taratibu, kama vya mtu anayechapa bila haraka, anasimama kufikiri, kisha anaendelea, na Kudra hakugeuka, kwa sababu alijua mlango ameufunga kwa komeo na hapakuwa na mtu wa kuketi kwenye kile kiti, na harufu ya hina ilikuwa imejaa chumba kizima kiasi cha kumchoma koo, na ile feni iliyokuwa ikivuma tu siku zote sasa ilikuwa ikivuta pumzi na kuzitoa, ikivuta na kuzitoa, karibu kabisa na kisogo chake, hata akahisi nywele chini ya ushungi zikisisimka kwa ubaridi. Alipopata nguvu ya kugeuka, kiti kilikuwa kitupu. Kwenye kioo mistari ilikuwa imepanda yenyewe na kusimama. Chini kabisa liliandikwa lile jina.

Hofu yake ilikuwa kubwa, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi. Alifunga duka, akapanda teksi hadi Kiriri.

Nyumba aliipata kwa kuulizia iliyouza vitu. Muzamu aliyekuwa getini alimwambia bila kuficha: ndiyo, madame alihama, sasa anakaa Kajaga, kwa dada yake, karibu na wanapoanikia ndagala, dagaa wa ziwani.

"Na jina lake?" Kudra akauliza, ingawa alihisi jibu limeshamfika mdomoni.

"Madame Nella."

Njia nzima ya Kajaga alikuwa akipanga maneno. Alimkuta mwanamke wa makamo, mwembamba, amevaa kitenge cheusi, ameketi kibarazani akichambua mchele. Si mwanamke wa kuibiwa mume naye. Hilo lilimpunguza kasi Kudra, akasalimia.

"Mi nimetokea Buyenzi," akasema. "Bwana yangu alinunua kompyuta kwenu. Naitwa Kudra."

Sinia la mchele likateleza mapajani mwa yule mwanamke. Hakuliokota. Alimtazama Kudra kuanzia kichwani hadi miguuni, muda mrefu, kama mtu anayepima kitu alichokuwa akikisikia tu.

"Basi uko," akasema hatimaye. "We ndiye Kudra."

"Munanijua?"

"Nilikutafuta mwaka muzima. Mi nilifukuza bwana yangu juu yako."

Kudra akaketi chini kwenye baraza, bila kukaribishwa.

Nella alizungumza kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye mchele uliomwagika. Mumewe alikuwa mhandisi. Alikuwa akijitengenezea programu za ramani nyumbani, kwenye mashine ileile, na siku moja ikagoma, ikawa inaomba faili yenye jina la Kudra. Mumewe alicheka. Yeye hakucheka.

"Nilimuuliza, Kudra ni nani? Aliapa hajui. Nilisema mashini haiwezi kujua jina peke yake, mutu ndiye ameiandika. Akalia mbele ya watoto. Sikumuamini." Akaokota punje chache za mchele. "Alienda kukaa Kigoma. Akagonjwa huko. Alinipigia simu, sikuitika. Kisha wakapiga wengine, kuniambia amekufa."

"Mi sijawahi kumuona bwana yenu," Kudra akasema. "Hata siku moja."

"Sasa najua. Ninakuangalia, ninajua." Nella akainua macho. "Na we, ulikuya huku kutafuta nani?"

Kudra aliinua macho, akamtazama yeye. Nella aliliona jina lake mwenyewe usoni mwa mgeni, akajifunika mdomo kwa kitenge.

Kudra alirudi Buyenzi jua likiwa bado liko juu. Anouar alikuwa dukani, amesimama mlangoni, mishipa imemtoka.

"Umetoka wapi?" akauliza. Hakupandisha sauti. "Duka imefungwa, simu hauitike. Ulikuwa na nani?"

"Baba Yasmina, ile mashini, ukiwa peke yako unaijaribu?"

"Nimekuuliza kitu."

"Nami nakuuliza. Ukiwa peke yako, inakuomba faili gani?"

Anouar alifungua mdomo, akaufunga. Kudra aliona hasira ikimtoka usoni na kitu kingine kikiingia, kitu kama aibu.

"Régis," akasema. "Kila mara. Régis, Régis. Nikasema ni yeye ameiandika, ananicheka. Nikasema muko na siri, muko munanichezea ndani ya nyumba yangu. Nilimukatalia asikanyage tena hapa." Akaketi kwenye ngazi. "Jana nilikufuata mpaka sokoni."

Kudra akaketi kando yake, akamwambia yote: jina la Nella, mashati aliyoyanusa, vibonye vilivyojichapa, Kajaga, na mume wa watu aliyekufa mbali kwa ajili ya mwanamke asiyemjua. Walikaa pale mpaka mafundi wa gereji walipofunga kazi. Hakuna aliyethubutu kuingia ndani kuizima kompyuta.

Asubuhi Anouar alikwenda kwa Régis kumwomba radhi, na Kudra akamfuata Mwalimu Idi. Alikuwa mwalimu wa madrasa, kijana bado, mtu wa maneno machache na subira ndogo, lakini watu waliosumbuliwa na majini walimtafuta hata kutoka mikoani. Alisimama mbele ya kompyuta, akanusa, akauliza swali moja tu.

"Kabla ya jana, kuna mutu hapa alimuuliza mwenzake juu ya hayo majina?"

Wote watatu walitikisa vichwa.

"Basi hiyo shaka ndiyo chakula yake," akasema. "Régis, anzisha hiyo kazi yako. Isisimame mpaka nimalize."

Akaanza kusoma. Régis akaandika amri, mistari ikapanda. Ilipofika pale inapokwama siku zote ikasita, na Mwalimu Idi akapandisha sauti, na kutoka ndani ya mashine, ambayo haikuwa imeunganishwa na spika yoyote, ikatoka sauti nyembamba ya kike, haina hasira wala huzuni, ikawa inataja majina kama mtu anayeita watu mlangoni, Nella, Kudra, Régis, kisha majina mengine ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeyajua, ya wanaume na ya wanawake, ya Kirundi na ya Kiislamu na ya kizungu, ya nyumba moja baada ya nyingine, na jasho lilimtiririka mwalimu lakini hakuacha, na hina ikanuka mpaka Régis akaziba pua kwa shati, na Kudra, aliyekuwa ameshika ukingo wa meza asianguke, akahisi ule ubaridi ukitoka nyuma ya feni, ukitambaa juu ya meza, ukipita juu ya vidole vyake na kuvifanya vife ganzi, na akajiambia kwamba unapita tu, unaelekea mlangoni. Kisha majina yakakatika. Mistari ikaendelea, ikapanda hadi mwisho, na programu ikawa imekamilika.

Hewa ya feni ilikuwa ya moto. Régis aliweka programu mahali pake, akatuma ukurasa mmoja, na imprimante ikanguruma ikautoa, safi, wino haukukosea hata herufi.

"Imetoka," Mwalimu Idi akasema, akijifuta uso. Hakukaa hata kunywa chai.

Miezi ya harusi ikaingia na duka likajaa kazi. Régis alianza kuja tena, akawa anakaa na Anouar wakicheka kama zamani, na Kudra alikuwa akiwapelekea chai na kukaa nao. Siku moja alikwenda Kajaga na binti yake kumsalimu Nella, wakala naye ndagala. Kila alichotaka kukijua kwa mumewe alimuuliza, naye akamjibu, na Kudra aliyaamini majibu yote. Alikuwa na hakika kwamba aliyaamini.

Alasiri moja Anouar alikwenda kuswali, akaacha simu yake kwenye chaji, kando ya kadi zilizokuwa zikikauka. Kudra alikuwa akikata karatasi. Simu ikawaka, ikazima. Hakuwa na neno nayo, hakuwa akifikiria chochote, na alipotazama tena alikuta ameuweka mkasi pembeni na simu imo mkononi mwake.

Anouar hakuwahi kumwambia namba anayoifungulia simu ile, naye hakuwahi kumwona akiiandika. Kudra alisimama akivitazama vidole vyake vikiichapa, taratibu, bila haraka, mpaka simu ikafunguka.