Bei ya Mnada Mmoja

Tusajigwe alikuwa uani anageuza kakao juani. Mara mumewe, Gwamaka, akaingia mbio mbio, kofia mkononi.

"Mama Lucy! Umesikia bei ya mnada wa leo?"

"Nitaisikia wapi, na wewe ndiye unatoka huko?"

Gwamaka akaitaja. Tusajigwe akaachia reki ikaanguka. Haki ya Mungu, tangu waanze kuuza kakao hawajapata kuiona bei kama hiyo! Wakacheka, wakashikana mikono kama vijana.

Kumbe Gwamaka hajamaliza.

"Sasa mpunga basi," akasema. "Nauza shamba la Bujonde. Mnunuzi nimeshampata, Jumamosi anakuja na hela yake. Kuna mtu kule Ngana anauza shamba la kakao, tutalichukua. Kakao huku, kakao kule, sisi tunakula raha tu!"

Kicheko kikamkauka Tusajigwe. Shamba la Bujonde ndilo lililowalisha tangu aolewe. Watoto wanne wamekuzwa na wali wa shamba lile. Likishauzwa, halirudi. Lakini amwambie nini mwanaume aliyetoka mnadani na bei ya namna hiyo? Na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Alhamisi akaja Atupele, binti wa kaka yake Gwamaka. Yuko likizo. Anafanya kazi Dar es Salaam, katika kampuni inayowekeza akiba za watu.

"Ugonile, mama mdogo," akasalimia kwa Kinyakyusa, akapiga goti.

Gwamaka alifurahi kweli kweli. "Mtaalamu wa hela huyo! Mwanangu, mweleze mama yako mdogo. Shamba la mpunga niuze, ninunue la kakao, au nisiuze?"

"Sijui, baba mdogo."

"Hujui? Na shule yote ile?"

Atupele akacheka. "Shule ndiyo iliyonifundisha nisijibu kabla sijauliza. Mtu akileta akiba yake, kwanza natafuta habari za soko. Nasoma bei za miaka iliyopita. Naongea na wanaouza na wanaonunua. Halafu ndipo napanga: kiasi hiki kiende huku, kiasi kile kiende kule."

"Yaani unalipwa kwa kuuliza maswali?" Tusajigwe akashangaa.

"Nalipwa, mama mdogo. Na nikizembea kuuliza, akiba ya mtu inapotea."

Ijumaa asubuhi wote watatu wakapanda bajaji hadi Kyela mjini. Gwamaka alinuna njia nzima. Kwenye ofisi ya chama cha msingi cha wakulima walimkuta Ezra, karani. Atupele akamwomba bei za minada ya miaka mitano.

"Bei mpya ipo pale ubaoni," Ezra akasema.

"Nimeiona, kaka. Naomba na zilizopita."

Ezra akatoa jalada lenye vumbi. Atupele akawa anasoma kwa sauti. Tusajigwe akawa anaandika kwenye daftari la hesabu la Lucy, binti yake. Bei ilipanda, ikashuka, ikatulia, ikashuka tena. Ndipo mwaka huu ikaruka.

"Na kwa nini imeruka?" Atupele akauliza.

"Wenzetu wa Afrika Magharibi, wanaolima kakao nyingi kutuzidi, wamepata mavuno mabaya," Ezra akajibu. "Wanunuzi wanahangaika."

"Wale wakivuna vizuri je?"

Ezra akakuna kichwa. "Hapo sasa! Bei inaweza kushuka."

"Inaweza isishuke," Gwamaka akadakia.

"Ni kweli, baba mdogo. Hakuna anayejua, hata mimi sijui. Kazi yangu si kubahatisha. Ni kupanga ili bei ikianguka, mwenye hela asianguke nayo." Atupele akamgeukia Tusajigwe. "Mama mdogo, mwaka ule kakao ilipooza kwa mvua, mlikula nini?"

"Wali wa Bujonde."

"Na mwaka mto ulipofurika ukafunika mpunga?"

"Kakao ikatulipia ada. Na ndizi tukauza."

"Basi umeifanya kazi yangu miaka yote hii, tena bila mshahara!"

Ezra akacheka. Tusajigwe naye akacheka, lakini moyoni alijisikia mkubwa. Maneno aliyoyakosa tangu Jumatano yakamjia.

"Baba Lucy, mimi kakao siikatai. Ninachokataa ni kuuza shamba la mpunga. Hela ya msimu huu tununue miche, tuipande kwenye mapengo ya shamba la kakao kule nyumbani, migomba iitilie kivuli. Hela nyingine tuweke akiba. Bujonde libaki."

Gwamaka akalichukua daftari. Akalitazama weee, kidole kikipanda na kushuka pamoja na bei.

"Haya," akasema mwishowe, bila furaha yoyote. "Kesho nitamwambia yule bwana arudi kwao na hela yake."

Msimu uliofuata, Gwamaka alirudi kutoka mnadani akitembea taratibu. Safari hii kofia ilikuwa kichwani.

"Imeshuka?" Tusajigwe akauliza.

"Imeshuka. Haifiki hata nusu ya ile."

Roho ilimuuma Tusajigwe, maana kakao ni jasho lake. Lakini hakuogopa. Akampakulia mumewe wali mpya, nyumba nzima ikanukia.

"Wa Bujonde huu?"

"Wa Bujonde."

Gwamaka akala, akamaliza, akaongezwa. Magunia ya mpunga yalikuwa yamepangwa nyuma yake hadi dirishani. Akanawa mikono.

"Lile daftari la Lucy liko wapi?"

"La nini tena?"

"Lete tuandike bei ya leo, hivyo hivyo ilivyo mbaya. Na kesho twende mjini tukaulizie bei ya mpunga, kabla hatujauza hata gunia moja."

"Ndaga fijo, mume wangu," Tusajigwe akamshukuru. "Lakini si unakwenda tu mwenyewe?"

"Aa, wapi! Twende wote. Mwenye kujua kuuliza ni wewe."